Gari Lisilokula Mafuta

Gari langu la zamani lilikuwa na injini ya cc 2,000, na lilikula mafuta kama mgeni aliyeambiwa kwamba hapa ni kwao. Lita moja ilinifikisha kilomita nane, na siku za foleni hata hizo nane nilizipata kwa huruma. Lakini nilikuwa mtu huru. Siku mbili za wiki nilikwenda nalo kazini Posta, katikati ya Dar es Salaam, siku tatu nilipanda daladala kutoka Mbezi hadi Kimara na kuunganisha na basi la mwendokasi, Jumapili tulikwenda nalo kanisani, na siku iliyobaki lilikaa uani chini ya mwembe likidondokewa na maua. Jamaa akiniomba nimpeleke Kigamboni nilimjibu kwa moyo mweupe, "Ndugu yangu, gari langu unajua linavyokula," naye alinionea huruma, akaniaga, akaenda kutafuta bodaboda. Sikufahamu wakati huo kwamba ulafi wa lile gari ndio uliokuwa ukinilinda.

Mwaka jana nikaliuza na kununua la haibridi, lililotumika Japani, dogo, cc 1,500, lenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazosaidiana kazi. Dalali alinitumia picha kumi na mbili kwenye simu, na chini yake akaandika: "Mzee, hii inakwenda kilomita 35 kwa lita, haili kabisa, ni kama baiskeli." Usiku huohuo nilipiga hesabu kitandani. Kutoka kwangu hadi Posta ni kama kilomita 22, kwenda na kurudi ni 44, kwa hiyo lita moja na robo ingenitosha kwa siku nzima. Nilimwamsha Mama Neema nimweleze habari hizo njema, naye akanijibu, akiwa bado amefumba macho, kwamba baiskeli angalau haikatiwi bima.

Nikiri kwamba zile kilomita 35 zipo na dalali hakunidanganya, ila zilipatikana maabara, ambako gari hupandishwa juu ya mapipa ya chuma yanayozunguka chini ya matairi, kiyoyozi kikiwa kimezimwa na dereva akifuata mwendo aliopangiwa kwa sekunde. Maabara haina matuta, wala bajaji inayokatiza bila taarifa, wala msafara wa kiongozi unaowasimamisha nyote kwa dakika arobaini chini ya jua la Februari. Kwangu mimi, baada ya miezi minane ya kuandika kila lita na kila kilomita, wastani ni 19. Kwa mtu aliyetoka kwenye nane hiyo ni neema, na ningeishi nayo kwa furaha kama ningekuwa bubu.

Siku ya kwanza kulitoa, nilifika Magomeni kwenye mataa, nikasimama, na gari likazima. Halikukohoa wala kutikisika, lilinyamaza tu kama mtu aliyekata roho usingizini. Nilihisi jasho likinishuka mgongoni nikijua kwamba akiba yangu ya miaka minne imeishia hapo. Nikawasha taa za hatari, nikashuka, nikafungua boneti na kuitazama ile mitambo kwa uso wa mtu anayeelewa anachokitazama, huku kondakta wa daladala ya nyuma akiniita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Vijana wawili wakajitolea kunisukuma hadi pembeni, wakanidai shilingi elfu tano, nikawapa. Ndipo muuza maji ya chupa aliyekuwa ameinama dirishani akasema taratibu, "Mzee, mbona hii ni haibridi. Imepumzika tu." Nikaingia, nikagusa pedali ya mafuta, na gari likaondoka bila sauti yoyote mbele ya wale vijana, ambao mmoja wao alirudi nyuma hatua mbili na kuitazama ile elfu tano kama aliyepewa na jini.

Siku hizi naufahamu utaratibu wenyewe kuliko ninavyozifahamu tarehe za kuzaliwa za wanangu. Gari likisimama injini hujizima. Likiondoka polepole, mota ndiyo hulisukuma. Ukikanyaga breki, mota hiyohiyo hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri iliyoko chini ya kiti cha nyuma, nguvu ambayo kwenye gari la kawaida ingepotea kama joto kwenye breki. Maana yake ni kwamba foleni, ambayo tuliilaani miaka yote kwa kula petroli yetu bure, ndiyo mahali ambapo gari hili huokoa zaidi. Nimekuwa mtu wa ajabu anayefurahi akiona taa nyekundu. Kwenye dashibodi kuna mchoro wa mishale inayoonyesha umeme unatoka wapi na kwenda wapi, na nimeutazama sana mchoro huo, kiasi kwamba nimewahi kubakiza inchi mbili tu kuingia ndani ya bajaji iliyobeba mama na magodoro.

Asubuhi, kutoka Kimara kuteremka Ubungo, mishale yote hurudi kwenye betri, namba zinapanda hadi 24 na mimi najiona mtu mwenye akili nyingi niliyecheleweshewa tu cheo. Jioni, kupanda mlima uleule na kiyoyozi kikiwaka, namba zinashuka hadi 15, nami narudi kuwa baba wa kawaida. Nilijaribu kuzima kiyoyozi, kwa kuwa kwenye gari hili kinatumia umeme wa betri na betri ikipungua injini huamka yenyewe ili kuichaji, hata kama umesimama tuli. Nilistahimili siku tatu. Siku ya nne bosi wangu aliniita pembeni na kuniuliza kwa upole kama nyumbani kuna matatizo, kwa sababu kila asubuhi nilikuwa nikiingia ofisini shati limelowa hadi kwenye mfuko wa kalamu.

Kwenye sheli ndiko nilikodhalilika zaidi. Yule dada wa pampu aliniambia, "Bosi, zima gari." Nikamwambia limezima. Akainamisha sikio, hakusikia kitu, akaridhika, akafungua mfuniko na kuanza kumimina. Lita ya sita ilipoingia, betri ikaona imepungua na injini ikajiwasha kwa mbwembwe zote. Dada aliruka na mpira wa mafuta mkononi, akapiga kelele kwamba nataka kuwaunguza, na watu wote wa foleni ya pampu wakanitazama kama muuaji. Sikuwa na la kujitetea, kwa sababu kweli nilikuwa sijabonyeza kitufe cha kuzima, nilikuwa nimeuamini ukimya. Tangu siku hiyo nikifika hapo hubonyeza kitufe, nafungua mlango na kushuka kabisa, nasimama mbali kidogo mikono ikionekana.

Haya yote ningeyavumilia. Kilichonimaliza ni mdomo wangu. Jumatano moja ya mwanzo wa mwezi, siku ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, tulikuwa kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu, na kila mwenye gari alikuwa akiguna kwa jinsi bei zilivyopanda. Nilikaa kimya kwa muda unaostahili, kisha nikakohoa na kusema kwamba mimi siku hizi hata sifuatilii bei hizo, kwa kuwa gari langu halili mafuta. Nilisema mbele ya watu ishirini na sita. Mwenyekiti wa kamati hakupoteza hata dakika, aliandika jina langu kwenye usafiri, kisha akaliandika tena kwenye kuchukua keki, na mara ya tatu kwenye kuwarudisha wazee nyumbani, wa Mbagala na wa Tegeta.

Kutoka hapo habari ilienea kwa kasi kuliko mwendokasi. Tatizo ni kwamba naishi Mbezi, mwendo mfupi kutoka stendi kuu ya mabasi ya Magufuli, na sisi ni watu wa ukoo mpana wenye asili ya mikoa miwili. Zamani ndugu akishuka kwenye basi usiku alipanda bajaji hadi kwangu na kunikuta nimelala. Sasa simu inaita saa tisa za usiku: "Shemeji, nimeshafika Mbezi, nikusubiri geti gani? Nimeambiwa gari lenu lile ni la umeme." Nikimweleza kwamba si la umeme, kwamba halichomekwi ukutani, kwamba umeme wake wote unatokana na petroli ninayoinunua mwenyewe, ananisikiliza hadi mwisho kwa adabu kubwa, kisha ananiambia ana mabegi manne na kuku. Na huyo si mgeni wa kufikia kwangu, anakwenda Gongo la Mboto.

Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu na ambaye sitasema neno baya juu yake hata nikiamshwa usingizini, aliwahi kuniomba nimpeleke Bagamoyo kumjulia hali shoga yake, turudi, halafu jioni tumrudie tena kwa kuwa alisahau miwani. Nilipopumua kwa nguvu kidogo aliniuliza, "Kwani baba, si mwendo wa bure?"

Mama Neema ana daftari lake la matumizi, lile lenye picha ya twiga kwenye jalada. Wiki iliyopita aliliweka mezani baada ya chakula, akalifungua, akanisomea kama karani wa mahakama. Gari la zamani lilikuwa likitembea kilomita 400 kwa mwezi na kula lita 50. Gari jipya, lile lisilokula, mwezi uliopita lilitembea kilomita 1,520 na kula lita 80. Nilimweleza kwamba ufanisi wake ni zaidi ya mara mbili, na kwamba kama ningetembea zilezile kilomita 400 ningetumia lita 21 tu. Akakubali kwamba hesabu yangu ni sahihi. Halafu akauliza hizo lita 29 nilizookoa kwenye kila mwezi ambao sikutembea ziko wapi, ili azibadilishe kuwa ada ya Neema.

Hasara nyingine ililetwa na jirani yangu mfuga kuku. Hununua pumba kila Jumamosi, na tangu asikie habari za gari amehamishia viroba vyake kwenye kiti changu cha nyuma. Sikujua kwamba huko nyuma kuna tundu la feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kwenda kupoza betri, na kwamba tundu hilo halipendi kuzibwa wala kuvuta vumbi. Taa ya onyo ilipowaka nililipeleka kwa fundi wangu wa miaka yote, aliyefungua boneti, akaziona nyaya nene za rangi ya chungwa, akaifunga boneti kwa ncha za vidole na kuniambia ana watoto watatu wanaomtegemea. Ilinibidi nitafute fundi wa haibridi, kijana mwenye kompyuta na glavu za mpira, ambaye alifungua kile kifuniko cha feni na kutoa pumba iliyojaa viganja viwili. Alinionyesha bila kusema kitu. Gharama yake ilikuwa sawa na petroli ya wiki mbili. Nilipompelekea jirani habari hizo alisikitika sana, akanipa trei ya mayai, na Jumamosi iliyofuata akaleta viroba akiwa amevifunga vizuri zaidi.

Kwa hiyo jana nilipanga kutoroka. Nilikumbuka kwamba gari hili huweza kuondoka kimyakimya kwa mota, na nikaona kwamba angalau ukimya huo unaweza kunifaa. Niliamka saa kumi alfajiri, nikavaa gizani, nikabeba viatu mkononi. Mama Neema alifungua geti taratibu, tena bawaba zake tulikuwa tumezipaka mafuta ya kupikia tangu jana yake. Nikabonyeza kitufe. Ile skrini ya ramani iliyokuja na gari, ambayo nimeshindwa kuinyamazisha, ikatoa sauti ya mama wa Kijapani akinisalimia na kunikumbusha, kama anavyonikumbusha kila siku, kwamba sijachomeka kadi ya kulipia barabara za kwao. Nikaifunika kwa koti. Nikateleza nje, taa nimezima, matairi yakisaga mchanga polepole, nikapita ukuta wa jirani, nikaufikia mlango wake.

Injini ikikaa usiku kucha hupoa, na ikipoa, gari huiwasha lenyewe baada ya muda mfupi ili ipate joto, utake usitake. Iliamka pale pale mlangoni kwake.

Taa ya kibarazani ikawaka. Jirani alikuwa ameshaoga, ameshavaa, na viroba vitupu vimekunjwa kwapani.

"Nilijua tu leo utawahi," alisema, akifungua mlango wa nyuma.