Usisubiri kompyuta izime ndipo uichomeke

Jumapili iliyopita mpwa wangu, anayesoma chuo hapa Dar es Salaam, alikuja kushinda kwangu na laptopu yake. Alasiri ikaanza kumwonya kwamba imebaki asilimia 5. Soketi ilikuwa karibu na goti lake, lakini hakuichomeka. "Naiacha izime kwanza, mama mdogo," akaniambia. "Betri ukiichaji haijaisha inazoea vibaya."

Aliyemfundisha hivyo ni aliyemuuzia, na sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Nami niliambiwa hivyo hivyo niliponunua kompyuta yangu ya kwanza, tena na sharti juu yake: nichaji masaa 8 mfululizo kabla sijaiwasha. Nikatii yote mawili.

Ushauri huo ulikuwa na maana enzi za betri za nikeli na kadimiamu. Zile, ukizoea kuzichaji zikiwa nusu, zilikuwa kama zinakariri pale unapoishia, na nguvu yake ikapungua. Lakini mwaka 1991 Sony iliingiza sokoni betri ya lithiamu-ioni, na leo hiyo ndiyo iliyomo kwenye laptopu zetu na simu zetu. Walioweka msingi wake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Lithiamu haina habari ya kukariri. Kuimaliza mpaka izime kila siku ni kuichosha bure, na ukiiweka kabatini miezi kadhaa ikiwa tupu, inaweza isipokee chaji tena. Kama unasafiri na kuiacha nyumbani, iache ikiwa na nusu hivi.

Ila kinachoziua betri zetu huku Pwani, kwa maoni yangu, ni joto kuliko kitu kingine chochote.

Yangu ya kwanza ilinipa dalili, nami sikuielewa. Kile kibao cha kupapasia kwa kidole, chini ya kibodi, kilianza kuwa kigumu kubonyeza. Nikadhani ni vumbi. Baada ya wiki mbili ukingo wake mmoja ukainuka, na kifuniko kikawa hakifungi vizuri. Fundi alipofungua skrubu na kuinua bamba la chini, niliona betri imefura kama andazi, karatasi yake ya fedha imekaza hadi inang'aa. Aliitoa polepole kwa mikono miwili, akaenda kuiweka nje kwenye sakafu ya saruji, mbali na kila kitu. "Hii ikitobolewa inawaka moto, mama," akasema. "Umekuwa ukilala nayo kitandani?"

Ndiyo, miaka miwili nilikuwa nikifanya kazi kitandani, kompyuta juu ya shuka, chaja ndani usiku na mchana. Kiswahili tumeiita kompyuta mpakato, kwa sababu unaipakata mapajani kama mtoto. Jina ni zuri, lakini matundu ya hewa mara nyingi yako chini, na ukiipakata juu ya kanga au mto umeyaziba. Chumba chenyewe kina nyuzi joto 32, feni inavuma hewa ya moto, na betri inaiva humo humo ndani. Weka kitu kigumu na bapa chini yake. Na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata kwa dakika za kuingia sokoni.

Watu wengi huniuliza kama kuiacha kwenye umeme muda wote kunaijaza kupita kiasi. Hapana, ikijaa inaacha kupokea. Tatizo ni kukaa imejaa pomoni. Kila seli, yaani kila kibetri kidogo kinachounda betri nzima, ikifika asilimia 100 huwa na volti kama 4.2, na katika hali hiyo kemikali za ndani zinashambuliana taratibu, na kila siku lithiamu kidogo inanasa na hairudi tena kazini. Joto linauharakisha mchezo huo. Ndiyo maana watengenezaji wenyewe wameweka mpangilio wa kusimamisha chaji mapema. Kwenye Lenovo uko ndani ya programu ya Vantage, kwenye ASUS uko ndani ya MyASUS, na Dell, HP na Apple nao wana namna zao. Kama kompyuta yako inashinda mezani kwenye umeme, weka kikomo cha asilimia 80, basi.

Hapa ndipo wasomaji wangu watanikatalia, na wana haki. Umeme ukikatika saa mbili usiku na kazi inatakiwa asubuhi, ile asilimia 20 uliyoiacha ndiyo ingekuokoa. Nakubali. Siku ukijua kuna mgao, au una safari, ijaze mpaka 100 bila wasiwasi wowote. Betri haichakai kwa siku moja, inachakaa kwa mazoea. Na umeme ukikatika chomoa chaja, usubiri urudi na utulie ndipo uchomeke, maana ule mshtuko wa kurudi umeunguza chaja nyingi mtaani kwetu.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu betri hazina bei ya mchezo, na wengi wetu tunanunua laptopu zilizokwisha kutumika. Tena sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, madini yanayotumika kwenye nyingi ya betri hizi, inachimbwa Kongo, kule Kolwezi na kandokando yake, na wapo wanaoichimba kwa sururu na mikono. Kuitupa betri baada ya miaka miwili wakati ingeweza kufika minne kunaniuma.

Basi nikamwambia mpwa wangu achomeke, kisha tukaipima. Kwenye Windows unafungua dirisha la amri (Command Prompt), unaandika powercfg /batteryreport, unabonyeza Enter, na ripoti inajiandika ndani ya folda yako. Tafuta mistari miwili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo ilionao sasa ikijaa. Yake ilitoka na mWh 48,000 (kipimo cha umeme inaoweza kubeba), sasa inafika 27,000. Alikaa kimya akizitazama zile namba. Angeiomba ripoti hiyo pale dukani, kabla hajatoa pesa, angepunguziwa bei au angechagua nyingine.

Tuliweka kikomo cha 80. Jioni alipoondoka aliniomba kibao changu cha kusukumia chapati akakitumie bwenini chini ya laptopu, nikampa.