Tarehe 14 Juni na watoto walionyamaza mbele ya bendera

Nikiwa shule ya msingi, tulikuwa na mwenzetu mmoja ambaye mstarini asubuhi, sote tukiimba wimbo wa taifa, yeye alisimama wima kimya. Kwao walikuwa Mashahidi wa Yehova. Alichapwa mbele yetu zaidi ya mara moja, nasi tukasema amejitakia. Ni kwa sababu yake kwamba kila ikifika tarehe 14 Juni nawaza habari za Marekani. Huko ni Siku ya Bendera, kwa kuwa bendera yao ilipitishwa tarehe hiyo mwaka 1777.

Mwaka 1935, katika mji wa Minersville, Pennsylvania, Lillian Gobitas mwenye miaka 12 na mdogo wake William wa miaka 10 walifukuzwa shule kwa kukataa kuisalimu bendera. Kwao ilikuwa sawa na kusujudia sanamu, jambo linalokatazwa katika Biblia, kitabu cha Kutoka, sura ya 20. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 3 Juni 1940 majaji wanane kwa mmoja wakaipa shule ushindi. Jaji Felix Frankfurter aliandika kwamba umoja wa taifa ndio msingi wa usalama wa taifa. Wiki zile zile Ufaransa ilikuwa ikianguka mikononi mwa Wajerumani, na hofu ilikuwa imetanda.

Mitaani hukumu hiyo ikageuka kibali. Haikupita wiki, Jumba la Ufalme, yaani nyumba ya ibada ya Mashahidi, la Kennebunk, Maine, likachomwa moto. Huko Richwood, West Virginia, Mashahidi walinyweshwa mafuta ya nyonyo kwa nguvu, wakafungwa kamba na kutembezwa mjini. Na salamu yenyewe iliyodaiwa kwa watoto ilikuwa ya kunyoosha mkono mbele, ikifanana mno na ile ya Wanazi, ilhali Mashahidi wa Ujerumani walikuwa kambini kwa kukataa kumsalimu Hitler.

Kisha wakaja dada wawili Mashahidi, Marie na Gathie Barnett, wa karibu na Charleston, West Virginia, waliokataa nao kuisalimu bendera shuleni. Tarehe 14 Juni 1943, Siku ya Bendera yenyewe, vita vikiwa bado vinapamba moto, mahakama ile ile iliifuta hukumu yake ya miaka mitatu nyuma kwa kura 6 kwa 3. Jaji Robert Jackson alionya kwamba kuwalazimisha watu wawe na wazo moja huzaa umoja wa makaburini tu. Mimi nalishangilia zaidi jambo lililotangulia: majaji Black, Douglas na Murphy, waliokuwa upande wa shule mwaka 1940, walikiri hadharani mwaka 1942 kwamba walikosea. Ni mara ngapi tumemsikia mwenye mamlaka akisema hivyo, tena kwa ajili ya watu wasiopendwa na mtu?

Tarehe hiyo hiyo mwaka 1954, Rais Eisenhower alitia saini sheria ya kuongeza maneno "chini ya Mungu" katika kiapo cha bendera, maneno ambayo wanafunzi huyasema wakiielekea bendera. Aliyekitunga mwaka 1892, Francis Bellamy, alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, na hakumtaja Mungu humo. Lengo la nyongeza lilikuwa kujitofautisha na Wasovieti. Mimi ni mtu wa kusali, na ndiyo maana jambo hili linaniuma: jina la Mungu lilifanywa uzio wa kisiasa. Miaka hamsini kamili baadaye, tarehe 14 Juni 2004, baba asiyeamini Mungu, Michael Newdow, alishindwa kesi dhidi ya maneno hayo. Majaji walisema tu kwamba hakuwa na haki ya kushtaki kwa niaba ya binti yake aliyekuwa mwanafunzi, na swali lenyewe wakaliacha.

Kwa hiyo wanaoadhimisha siku hii kwa ajili ya 1954 wameshika mwaka usiostahili. Ningekuwa mwalimu huko, ningewasomea watoto hukumu ya 1943, na ningewaandikia ubaoni Gobitas na Barnett kwa usahihi, kwa sababu vitabu vya mahakama viliyakosea majina yote mawili: Gobitis, Barnette.

Kwetu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki mwaka 2013 wanafunzi Mashahidi waliofukuzwa shule kwa kutoimba wimbo wa taifa. Mwenzetu wa mstarini alikuwa ameacha shule zamani, akiwa darasa la tano.