Kilo 23 za Ukoo, Kilo 7 Zako

Tiketi imeandika wazi: begi la chini kilo 23, begi la mkononi kilo 7. Mtu akisoma anadhani ana kilo 30. Hana. Anayetoka Dar kwenda Stockholm, Sweden, mwezi wa kwanza ana kilo 7 tu, maana zile 23 ziligawanywa kwenye kikao ambacho yeye hakualikwa. Shangazi ana dagaa "kidogo tu". Mama mdogo ana unga wa muhogo "kidogo tu". Jirani ana mwanawe kulekule, kwa hiyo kuna vitenge viwili na pilipili ya kusaga, "wala havina uzito, mwanangu". Haba na haba hujaza kibaba. Huku imejaza begi mpaka zipu inalia.

Basi hizo 23 tumeshazisamehe. Shida ni kwamba baridi nayo inadai nafasi, na imebakiziwa kilo 7. (Mashirika mengine ya ndege yanatoa 8, mengine 12 ukijumlisha na mkoba. Soma tiketi yako, usisome ya shemeji.)

Wa kwanza kuzila hizo kilo ni begi lenyewe. Lile gumu la magurudumu, linalong'aa kama sufuria ya harusi, likiwa tupu lina kilo 2.5, mengine 3.5. Nusu ya haki yako umeigawia plastiki! Na magurudumu yenyewe yakifika Stockholm yanakutana na theluji iliyoyeyuka nusu, imechanganyika na changarawe wanazomwaga njiani watu wasiteleze. Gurudumu likimeza changarawe moja, limegoma. Kuanzia hapo unaliburuta kama mbuzi aliyejua anakopelekwa. Begi la mgongoni la kitambaa, la lita 35 hadi 40, lina kilo moja hivi na halina cha kugoma.

Halafu wapo waliogundua mifuko ya kunyonya hewa. Sweta tano zinaingia, mashine inavuma, zinatoka bapa kama chapati, na mwenye nazo anapiga picha kabisa. Jamani, kilichotoka humo ni hewa. Sweta la gramu 800 likibanwa ni chapati ya gramu 800. Mizani ya kaunta haijawahi kuuliza unene wa mtu. Na siku ya kurudi, sweta zimefura, begi halifungiki, mashine ya kunyonyea iko nyumbani Tabata, Dar. Kama nafasi kweli ni shida, tafuta mfuko unaokunjwa kwa mkono, hewa inatokea kwenye tundu la pembeni, hauhitaji umeme wala fundi.

Lakini kwa nini sweta tano? Hapa ndipo mtu wa joto anapotapeliwa na woga wake. Anaamini baridi hushindwa kwa unene, basi anatafuta sweta moja zito kama godoro la inchi sita. Nje ni nyuzi sifuri, siku mbaya 8 au 10 chini yake, godoro linafanya kazi. Anaingia kwenye treni: joto. Dukani: joto. Nyumbani kwa watu: nyuzi 20, 21, usiku na mchana. Sasa achague kuiva au kubaki na singlendi mbele ya wakwe.

Kinachompa mtu joto ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo. Kwa hiyo nguo ziwe tatu, nyepesi, za kuvaliwa na kuvuliwa moja moja. Ya ndani kabisa inagusa ngozi: fulana ya mikono mirefu na skintaiti, za sufu ya merino (kondoo wa sufu laini) au poliesta, seti moja kama gramu 400. Ya kati inanasa hewa: sweta jembamba la sufu au lile laini la flisi, na jaketi jembamba la manyoya ya bata la gramu 350 hivi, linalokunjika likawa na ukubwa wa papai. Ya nje kabisa haina kazi ya joto. Kazi yake ni kuzuia upepo na maji, basi. Na iwe kubwa saizi moja, maana koti la nje likibana lile la manyoya, hewa imetoka na umerudi kwenye chapati.

Pamba isiguse ngozi. Najua inauma. Pamba imesomesha watoto wengi Usukumani na heshima yake ibaki palepale. Lakini pamba inakunywa jasho na hailiachii. Ukipandisha ngazi za stesheni umejifunika, ukatoka jasho, ukasimama kituoni dakika kumi, ile fulana inageuka kitambaa cha maji baridi kilichobandikwa mgongoni. Poliesta inakauka haraka, ila siku ya pili inanuka hata kabla mwenyewe hujaamka. Merino ni ghali, lakini inavaliwa siku tatu nne bila jirani kufungua dirisha, na huko dirisha halifunguliwi. Jinzi? Gramu 700, na ikilowa haikauki leo. Moja inatosha, na iwe ile uliyoivaa.

Sasa msinunue hivi vitu kwenye maduka ya vioo, mtalia. Majaketi ya baridi yanakuja kwenye marobota ya mitumba, na Dar mwezi wa kumi na mbili hakuna anayegombania jaketi la theluji. Soko la Karume utayakuta yamening'inia kwa unyonge. Moshi, soko la Memorial, ni hivyohivyo, na kule bei inajua kwamba wapandaji wa Kilimanjaro wapo, kwa hiyo muuzaji naye anajua anachouza. Jaketi la manyoya libonyeze kwa kiganja, uliachie: likifura lenyewe, ni zima. Ukipapasa ukakuta madonge kama ugali uliosongwa na mtoto, limefuliwa vibaya, manyoya yameshikana. Liinue mbele ya jua. Chumba cha manyoya, kati ya mshono na mshono, kikipitisha mwanga kama neti hakina kitu ndani. Zipu ipandishe na kuishusha mara tatu mbele ya muuzaji. Kichwa cha zipu kikiwa kibovu, fundi cherehani anabadili. Meno yakitoka ni zipu nzima, na bei ishuke palepale kabla hujatoa pochi. Kisha hesabu mifuko. Chini ya minne, rudisha. Sababu inakuja.

Viatu ndiyo kesi nzito. Buti za baridi ni kilo moja na nusu jozi, zinapanda ndege zikiwa miguuni, hakuna mjadala. Za mitumba zibonyeze soli kwa ukucha na uzikunje: kuna soli za povu ambazo zikikaa stoo miaka zinaoza kimyakimya, kiatu kinang'aa, halafu hatua ya mia mbili soli inabaki njiani peke yake. Soli ya ngozi au plastiki ngumu ni ya kwenda nayo harusini. Kwenye barafu inakugeuza maonyesho. Na buti liache nafasi. Watu wanavaa soksi jozi tatu, buti limebana kama kabati la nguo za Idi, halafu wanashangaa vidole vimekufa ganzi. Soksi zikibanwa hazina hewa, na damu haipiti. Soksi moja nzuri ya sufu, vidole vikicheza, inazishinda hizo tatu. Zisiwe na matundu, nakuomba kama ndugu: Sweden viatu vinavuliwa mlangoni kama kwetu Pwani, na kidole gumba kikichungulia ndicho kitakachosalimiwa kwanza.

Tuje kwenye maji. Vimiminika kwenye begi la mkononi ni chupa zisizozidi mililita 100 kila moja, zote kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha, wa lita moja. Inaangaliwa chupa, siyo kilichobaki ndani. Chupa ya 200 yenye losheni ya kijiko kimoja inatupwa, na utetezi wa "imebaki kidogo" haujawahi kumshinda mlinzi. Mafuta ya mgando ni kimiminika. Achari ni kimiminika. Siagi ya karanga, asali, dawa ya meno, vyote. Mafuta ya nazi ndiyo yanawachanganya watu: Dar yanamwagika, Stockholm yamekuwa jiwe, maana yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, lakini kwa mlinzi yanabaki kwenye fungu la mia, yameganda au hayajaganda. Viwanja vingine vina mashine mpya na vimelegeza, lakini ukibadili ndege Doha au Istanbul unapekuliwa upya kwa sheria ya huko. Sabuni ya kipande haina kesi popote, ifunge kwenye kopo lake. Na mafuta usiyaache: hewa ya ndani huko ni kavu, mtu anapauka kama ametoka kuchuna mahindi.

Pawabenki ikae mkononi, begi la chini ni marufuku. Kikomo cha kawaida ni saa-wati (Wh) 100. Hesabu yake: zidisha mAh zilizoandikwa juu yake kwa 3.7, gawa kwa 1,000. Ya 20,000 inakuwa 74, inapita. Ile ya mtaani iliyofutika maandishi inaweza kuzuiwa, kwa kuwa hakuna wa kuithibitishia. Na utaihitaji, maana betri ya simu ikipigwa na baridi inashuka ghafla. Simu ilale mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Haya, tupime. Begi kilo 1. Kompyuta na chaja yake 1.7. Seti mbili za nguo za ndani za baridi 0.8. Suruali ya ziada 0.4. Fulana na shati, jumla tatu, nusu kilo. Soksi jozi tatu na chupi nne, nusu kilo nyingine. Vimiminika na sabuni 0.6. Pawabenki na nyaya 0.5. Ndala robo. Khanga moja robo, nayo ni taulo, shuka, skafu na pazia. Jumla 6.5. Hiyo nusu kilo iliyobaki usiitangaze! Shangazi ana masikio.

Chupi nne kwa wiki mbili? Unafua. Majengo mengi ya huko yana chumba cha pamoja cha kufulia, kwa zamu ya kuandikisha, na kuiba zamu ya mtu ni ugomvi wa miaka. Vidogovidogo fua usiku kwenye sinki, kamua, vizungushie kwenye taulo kavu, panda juu ukanyage kama unakanyaga udongo wa kukandika nyumba, anika karibu na kipasha joto. Asubuhi vimekauka.

Sasa ile mifuko minne ya koti. Koti la mkononi kwa kawaida halipimwi. Glovu, kofia, skafu, dawa na lile jaketi-papai vinakaa humo. Lakini Dar mwezi wa kwanza ni nyuzi 32, kwa hiyo usilivae! Wapo wanaosimama foleni wamevaa kila kitu ili kukwepa mizani, jasho linatiririka mpaka ofisa wa pasipoti anaanza kuwa na maswali. Libebe mkononi kama wakili. Skintaiti nayo usiivae Tabata. Ivalie chooni kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, maana choo cha ndege ni kama kabati, na kuvaa nguo ya kubana humo huku rubani anatangaza mfunge mikanda ni sarakasi bila tiketi.

Na usije ukaliweka koti kwenye lile begi la kilo 23. Begi la chini likichelewa kuunganishiwa ndege, wewe unatoka uwanjani na shati, huku dagaa wa shangazi wamelala kwenye koti lako mji mwingine.

Kuhusu ukoo, sheria ya Umoja wa Ulaya inasaidia kukataa bila kugombana. Dagaa wanaruhusiwa, samaki hadi kilo 20, kwa bahati mbaya. Wakaange kavu, wapoe kabisa, waingie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, uzungushie utepe wa gundi, la sivyo vitenge vya jirani vitafika vinanukia Mwanza. Nyama haipiti hata ikikaushwa. Samli haipiti, ni maziwa. Embe linadai cheti cha afya ya mimea. Nanasi, nazi na ndizi havidai. Ukimwambia bibi kwamba nanasi ruksa, embe hapana, hataamini, atadhani unambagua embe lake.

Kurudi ndiyo usiseme. Orodha ya viatu na namba zake inaanza kuingia kwenye simu hata hujazoea giza la saa tisa alasiri. Na siku unashuka Dar, koti limening'inia mkononi, atatokea mtu aliulize. Akiwa wa Kigamboni, mcheke. Akiwa wa Makete au Njombe, nyamaza, anajua anachokitaka. Mwezi wa sita na wa saba mashamba yao yanaamka na barafu juu ya majani. Mpe. Mwambie tu zipu inakwama kidogo pale chini, asiivute kwa hasira.