Mafuta ya Turkana: hesabu iko barabarani na kwenye mkataba

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, inapotangaza bei mpya, swali hurudi kwenye matatu na vituo vya mafuta vya Nairobi: tuna mafuta yetu Turkana, mbona petroli haishuki? Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Ghafi ya visima vya Lokichar, Turkana, itapakiwa melini Mombasa na kuuzwa kwa bei ya dunia, kisha tutaendelea kununua petroli iliyosafishwa ng'ambo. Mwanasiasa anayeahidi petroli rahisi kwa sababu ya visima hivyo anawadanganya wapigakura. Tunachoweza kupata ni dola, kodi na mgao, na hivyo ndivyo vya kupimwa.

Wanaotaka uchimbaji uanze sasa wana hoja nzito. Kisima cha kwanza kupata mafuta Turkana, Ngamia-1, kilitangazwa Machi 2012. Ghafi yake ina salfa kidogo, sifa inayopendwa na wasafishaji, na shehena ya majaribio ya mwaka 2019 iliuzwa kwa takriban dola milioni 12. TotalEnergies na Africa Oil walijiondoa mwaka 2023, kisha mwaka 2025 Tullow, kampuni iliyoongoza mradi, ikauuza kwa Gulf Energy. Mpango wa sasa ni kuanza na mapipa 20,000 kwa siku na kupanda hadi 50,000. Tukizidi kungoja, huenda tukakosa kabisa mwenye mtaji.

Kikwazo ni nta. Mafuta haya huganda yakipoa, hata katika joto la kawaida la mchana wa Nairobi. Lazima yapashwe moto kisimani, yasafirishwe kwenye matangi yaliyofunikwa kuzuia baridi, kisha yapashwe tena Mombasa kabla ya kushushwa. Lori likiharibika usiku karibu na Timboroa, kwenye baridi ya nyanda za juu, shehena inaanza kuwa nzito na nta kushika kuta za tangi. Tupige hesabu: tangi la lita 28,000 ni mapipa 176 hivi, kwa hiyo mapipa 20,000 yanahitaji malori 114 kuondoka Lokichar kila siku. Safari ya kwenda na kurudi ikichukua siku tano, hayo ni malori 570 barabarani wakati wote. Kwa majaribio ya mapipa 2,000 kwa siku njia hii ilitosha. Kwa biashara ya miaka mingi inakula faida na lami pamoja, na bomba la kupashwa moto hadi Lamu, zaidi ya kilomita 800, linahitaji mabilioni ya dola kabla ya senti ya kwanza kurudi.

Hapo ndipo Marekani inapotuumiza. Wachimbaji wa Texas na North Dakota, wanaopasua miamba kwa maji ya shinikizo, walichangia sana bei kuanguka kutoka zaidi ya dola 110 kwa pipa Juni 2014 hadi chini ya 30 Januari 2016. Bei ikishuka wao husimamisha mitambo, ikipanda huchimba tena ndani ya miezi. Mradi wenye deni la bomba hauna nafasi hiyo.

Kisiasa pia tuko tofauti nao. Huko mwenye shamba anaweza kumiliki mafuta yaliyo chini yake na kulipwa moja kwa moja. Kwetu, Kifungu cha 62 cha Katiba kinayaweka chini ya serikali kuu kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Petroli ya 2019 inagawa asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa wenyeji, lakini hiyo ni sehemu ya serikali pekee, baada ya mwekezaji kurejeshewa gharama na kuchukua faida yake. Chukua mfano: pipa dola 60, mapipa 20,000, ni dola milioni 1.2 kwa siku. Serikali ikibakiwa na asilimia 20, wenyeji wanapata dola 12,000. Gharama zikivimbishwa, kiasi hicho kinapungua bila mtu kuvunja sheria yoyote ya mgao.

Kwa maoni yetu uchimbaji uendelee, ila Bunge lidai mambo mawili: ukaguzi wa gharama zote zinazodaiwa tangu 2012, uchapishwe hadharani, na kiwango cha uzalishaji ambacho kikifikiwa malori yanasimama na bomba linaanza. La tatu ni la Turkana wenyewe. Ili shinikizo visimani lisishuke, maji yatasukumwa chini ya ardhi, na yanatarajiwa kutoka bwawa la Turkwel. Bomba hilo la maji liwe na vituo vya kuchota maji kwa mifugo na vijiji njiani, vikiandikwa kwenye mkataba pamoja na lita kwa siku. Wenyeji wakipuuzwa mradi husimama: Juni 2018 wakazi walizuia malori wakidai usalama, na safari zikakwama kwa wiki kadhaa.