Farasi Kwanza, Kriketi Baadaye

Yakhe, kama kuna mtu anayeonewa na runinga duniani, ni mpenzi wa kriketi anayeishi Uingereza. Wenyewe ndio wenye mchezo wao, wakautia melini pamoja na chai na mahakimu, wakatuletea hadi Mombasa na Unguja. Sasa mimi nimewafuata hadi kwao, hapa Leicester, nataka kutazama tu, sikuomba kucheza. Ati lipa leseni. Haya, nimelipa, Aprili 2025 ilikuwa imefika pauni 174.50 kwa mwaka. Ukishalipa unaambiwa mechi yenyewe iko kwenye dishi, na dishi lina bili yake. Kwani leseni ilikuwa ya nini, ya kutazama utabiri wa mvua?

Anayenichochea hasira hizi ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Jinja. Idi Amin aliwafukuza Wahindi wa Uganda mwaka 1972, na Halmashauri ya Leicester ikaweka tangazo gazetini kule Uganda kuwaambia wasije huku, mji umejaa. Mzee akalisoma, akaja hivyo hivyo. Ndiyo maana simshangai akibishana na runinga. Huyu ni mtu aliyebishana na serikali mbili.

Kwa Mzee, kriketi ya runinga ilianza na ubakhili na haikuacha. Ilianza mwaka 1938, BBC walipoonyesha Uingereza ikicheza na Australia pale uwanja wa Lord's, London, halafu Agosti wakaenda uwanja wa Oval, ambako Len Hutton wa Uingereza alipiga mikimbio 364 peke yake. Waliotazama walikuwa matajiri wachache wa London na viunga vyake, maana mitambo ya Alexandra Palace haikufika mbali na seti moja bei yake ilikuwa ya kutisha. Septemba 1939 vita ikaja, runinga ikazimwa nchi nzima hadi Juni 1946. Mzee husema hapo walau walikuwa na udhuru.

Lakini huko nyuma hata ukionyeshwa, hukuonyeshwa. Kriketi inarushwa kwa zamu: mipira sita kutoka mwisho huu wa uwanja, halafu sita kutoka mwisho ule. Sasa BBC kwa miaka nenda rudi waliweka kamera kuu upande mmoja tu. Maana yake nusu ya siku unamwona mpigaji usoni, na nusu nyingine unaonyeshwa makalio. Mpira huuoni, vijiti huvioni, umezibiwa na suruali nyeupe ya mtu mzima. Na mchezo ni wa siku tano, hebu piga hesabu! Ilibidi tajiri wa Australia, Kerry Packer, mwaka 1977 aanzishe mashindano yake mwenyewe ya kulipana vizuri na kucheza usiku kwenye taa, ndipo akaweka kamera pande zote mbili. Mabwana wa Lord's walimchukia Packer hadi wakafikishana mahakamani, na wakashindwa. Mimi kwa hiyo kamera ya pili peke yake ningemjengea msikiti, na sijui hata alikuwa dini gani.

Halafu kuna farasi.

Sielewi Mwingereza na farasi wana maagano gani. Julai 1990, Lord's, Uingereza na India. Nahodha Graham Gooch anapiga tangu jana yake, anaikaribia 300. Mikimbio 300 ya mtu mmoja katika mechi ya Test, ile ya siku tano ya nchi na nchi, si jambo la kila msimu, wengine huzaliwa wakafa bila kuiona. Nchi nzima imekaa kitako. BBC wakasema samahanini, wakahamia kwenye mbio za farasi. Waliporudi Lord's, 300 ilikuwa imeshapita. Gooch akaendelea hadi 333, lakini ile dakika yenyewe, mtu kainua gongo uwanja mzima umesimama, aliyekuwa nyumbani aliona mkia wa farasi. Mzee anasema siku ile aliitukana seti kwa Kigujarati, akaongeza Kiingereza, akamalizia kwa Kiswahili cha Jinja, kwa sababu ndicho kilichokuwa na meno.

Na msidhani farasi waliishia hapo. Nchi hii ina orodha ya serikali ya michezo ambayo haifai kufichwa kwenye runinga ya kulipia. Wanaiita vito vya ufalme. Mechi za Test za nyumbani zilikuwamo. Mwaka 1998 wakubwa wa kriketi, chini ya Lord MacLaurin, wakaenda wenyewe kumwomba waziri Chris Smith awatoe humo, kwa sababu ukiwa ndani ya orodha hupati mnada mzuri. Waziri akakubali, Test zikashushwa daraja la pili, lile ambalo muhtasari wa usiku unatosha. Sasa nendeni mkaangalie nani amebaki daraja la kwanza hadi leo. Grand National. Derby. Farasi, yakhe, mbio mbili za farasi! Mnyama asiyejua hata kama yuko kwenye runinga amelindwa na sheria, na mimi mlipa leseni nimeachwa nje.

Basi BBC waliokuwa nao tangu 1938 wakaupoteza mchezo. Kuanzia 1999 ukaenda Channel 4, stesheni ya bure, wakigawana na Sky, hao wa dishi la kulipia, kwa pauni milioni 103 za miaka minne. Watu walilia, lakini hapa lazima niseme haki: Channel 4 walitufanyia heshima. Walimchukua Richie Benaud, nahodha wa zamani wa Australia na koti lake la rangi ya krimu, mtangazaji pekee niliyewahi kumpenda kwa sababu ya kunyamaza. Alikuwa akiona picha inajitosheleza, hafungui mdomo. Linganisheni na hawa watangazaji wetu wa mpira wa miguu, ambao mpira ukitoka nje tu unapewa historia ya mama yake mrushaji.

Na mwaka 2001, Lord's, Uingereza na Pakistan, wakaleta Hawk-Eye, ule mtambo wa kamera na kompyuta unaochora njia ya mpira na kukwambia kama usingegonga goti ungegonga vijiti; na kama ungegonga, mpigaji ametoka. Watu wakashangilia. Mimi sikushangilia sana. Kabla ya hapo, mpira ukimpiga mtu gotini, tulikuwa na ubishi wa kutosha kutoka saa sita mchana hadi baada ya Isha. Mtu analeta ushahidi, mwingine anavua kiatu aonyeshe mguu ulivyokuwa. Siku hizi unatokea mstari wa rangi, kwisha maneno. Mama Swaleh, ambaye hajui kriketi inachezwa na watu wangapi, anapita na kikapu cha nguo, anatupia jicho ule mstari, anasema, "Huyo katoka," anaendelea zake jikoni. Na kweli katoka.

Hao Channel 4 nao wasijifanye malaika. Nao walikuwa na farasi wao, siku nyingine wakitukatisha vile vile. Nao walikuwa na vipindi vyao vya vijana jioni, ambavyo havingojei mtu. Ilifika mahali, msimu wa 2005, mechi zikaanza saa nne na nusu asubuhi badala ya saa tano, ili ikifika saa kumi na mbili jioni uwanja uwe umeshafungwa. Mchezo wa miaka mia na ushee unaamshwa mapema kwa ajili ya tamthilia.

Lakini ule msimu wa 2005, jamani! Uingereza na Australia. Mechi ya pili, Edgbaston, imeamuliwa kwa mikimbio miwili. Trent Bridge, kwenye kilele chake, watu milioni 8.4 walikuwa mbele ya runinga. Mabaa yalinyamaza. Pale bohari nilikokuwa nikifanya kazi, watu ambao maisha yao yote ni mpira wa miguu walianza kuulizana nani yuko kwenye gongo. Na wakati sisi tunashangilia, mkataba ulikuwa umesainiwa Desemba 2004: kuanzia 2006 kila kitu kinahamia Sky, pauni milioni 220. Yaani harusi imefana, biriani imepikwa, watu wanacheza, kumbe bibi harusi keshaposwa mtaa wa pili na mahari imeshaliwa.

Siku ya mwisho Oval, tarehe 12 Septemba, Benaud alikuwa anawaaga watazamaji wa Uingereza baada ya zaidi ya miaka arobaini. Katikati ya maneno ya kuaga, Glenn McGrath wa Australia akaviangusha vijiti vya Kevin Pietersen wa Uingereza. Benaud akakatisha kuaga kwake, akatangaza kwamba kijana ametoka na 158, kisha akarudi kumalizia kwaheri yake. Huyo alikuwa akiifanya kazi yake mpaka sekunde ya mwisho. Mimi nikiaga kazini, tangu saa nane sionekani.

Kilichofuata mnakijua kwa mifuko yenu. Sitasema Sky hawajui kazi. Picha ni safi, kamera ziko kila pembe, na tangu 1990 walipoonyesha ziara ya Uingereza huko West Indies moja kwa moja kila mpira, wanaufuata mchezo hadi mwisho wa dunia bila farasi kupita katikati. Na hela zao zimelisha timu za majimbo na za wanawake. Nakubali yote. Lakini Ashes, yaani mechi za Uingereza na Australia, zilizofuata hapa nyumbani, 2009, kilele chake hakikufika watazamaji milioni mbili. Kutoka 8.4! Mwaka huo huo kamati moja ikaishauri serikali izirudishe Ashes za nyumbani kwenye orodha ya vito. Serikali ikashukuru, ikaweka ripoti kabatini.

Sisi wa Afrika Mashariki adhabu yetu ilitangulia. Machi 2003 Kenya, Kenya hii hii ya Steve Tikolo, imeingia nusu fainali ya Kombe la Dunia na India pale Durban. Mechi iko kwenye dishi. Dishi sina. Nawasha runinga ya bure, ni tarehe 20 Machi, Marekani na Uingereza zimeanza kuivamia Iraki, kila stesheni ni vifaru na ramani. Ganguly wa India akapiga 111, Tikolo akajitahidi 56, tukafungwa kwa mikimbio 91. Mimi nikaisoma kesho yake gazetini. Mzee naye ana kidonda cha 1975, timu ya Afrika Mashariki ilipokuja kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Wakenya, Waganda, Watanzania na Wazambia kwenye kikosi kimoja. Walifungwa mechi zote tatu. Mzee anaisimulia jumuiya ile utadhani walirudi na kombe, na hakosi kukukumbusha kwamba Don Pringle aliyerushia Afrika Mashariki ndiye baba yake Derek Pringle, mzaliwa wa Nairobi aliyekuja kuichezea Uingereza.

Wakiamua kukupa bure, wanakupa kwa masharti. Fainali ya Kombe la Dunia 2019, Lord's, Sky wakakubali ionyeshwe Channel 4. Alhamdulillahi! Kumbe siku hiyo hiyo Channel 4 wana mbio za magari za Silverstone, kwa hiyo mchana kriketi ikasukumwa More4, stesheni yao ya pembeni, magari yakiisha irudi. Safari hii farasi wametiwa injini. Na BBC wana fainali ya Wimbledon, Djokovic na Federer, ambayo Mama Swaleh anaitaka. Basi rimoti ikatembea humo ndani, huku seti ya tano haiishi na huku mechi imefungana, wakaongeza ova moja moja, yaani mipira sita kila upande, ikafungana tena kumi na tano kwa kumi na tano, Uingereza ikapewa kombe kwa kuhesabiwa nani alipiga mipira mingi hadi mpakani. Nilikosa mambo huku na kule.

Februari 2021 Test ikarudi bure tena, ya kwanza tangu 2005: India na Uingereza, Chennai. Mkataba umetangazwa siku mbili kabla ya mpira wa kwanza. Joe Root wa Uingereza akapiga 218. Inaanza saa ngapi? Saa kumi usiku, baridi imekaza, hita imezimwa kuokoa gesi. Kijana wangu Swaleh nilipomwamsha aje aone historia aliniuliza kama kuna moto.

Siku hizi nina intaneti, naangalia kwa kuungaunga. Mzee ana dishi, lakini anaifunga sauti, anasikiliza maelezo ya redio ya BBC, ile Test Match Special inayorushwa tangu 1957, kama walivyozoea watu wa umri wake. Zamani picha na redio vilikwenda pamoja. Tangu mambo yawe ya dijitali, redio yake inatangulia, picha yake inafuata, na yangu ya intaneti inakuja nyuma kabisa inahema. Kuta za nyumba hizi za Leicester ni karatasi. Mrushaji wangu bado anajifuta jasho, hajaanza hata kukimbia, nasikia upande wa pili, "Kwisha! Kwenda nyumbani!"

Nikagonga ukuta. "Mzee, shikamoo, tafadhali punguza, mimi huku bado hajarusha!"

"Marahaba, kijana. Atarusha. Wewe ngoja tu."

Mama Swaleh akaweka kikapu chini, akaninyoshea mkono.

"Baba Swaleh, si umesikia keshatoka? Basi lete rimoti."