Mafuriko ya miaka 100, rekodi ya miaka 25

Anayesanifu daraja anataka namba moja: siku mto ukifurika, utapitisha maji kiasi gani? Takwimu humpa jibu. Huchukua kilele cha kila mwaka, yaani mtiririko mkubwa kuliko wote wa mwaka huo, huvilinganisha vilele hivyo na mgawanyo kama wa Gumbel, yaani kanuni ya uwezekano inayotumika kwa vilele vya aina hii, kisha husoma kiwango chenye uwezekano wa asilimia 1 kufikiwa au kupitwa kila mwaka. Hayo ndiyo mafuriko ya miaka 100, jina linalopotosha wengi, kwa sababu katika miaka 30 uwezekano wa kukutana nayo walau mara moja ni asilimia 26.

Tuchukue kituo chenye rekodi ya miaka 25, wastani wa vilele mita za ujazo 400 kwa sekunde na mkengeuko sanifu, kipimo cha jinsi vilele vinavyotawanyika kuzunguka wastani, 150. Kwa Gumbel, mafuriko ya miaka 100 ni 400 + 3.137 × 150, yaani takriban 870. Kosa sanifu la makadirio hayo, yaani kiasi yanachoweza kuyumba kwa bahati ya rekodi, ni karibu 118. Ukijumlisha na kutoa karibu mara mbili ya kosa hilo, jibu la haki ni kwamba mafuriko ya miaka 100 yanaweza kuwa popote kati ya 640 na 1,100. Ripoti nyingi huandika 870 tu na kuendelea na hesabu za zege. Hapo ndipo takwimu inapotumika vibaya, maana kazi yake kubwa ni kutuonyesha upana wa shaka.

Hatua zilizopigwa ni za kweli. Momenti za L, njia ya kufupisha data alizozieleza mwanatakwimu Hosking mwaka 1990, haziyumbishwi kirahisi na mwaka mmoja wenye maji ya ajabu. Uchambuzi wa kikanda nao huuwezesha mto wenye rekodi fupi kuazima data kutoka kwa mito jirani. Lakini kuazima kuna masharti: bonde lenye kinamasi hupunguza kilele, lenye miteremko mikali hukinoa, na kuyachanganya ni kuharibu yote mawili. Tena vituo vitano vya miaka 25 si sawa na miaka 125, kwa kuwa mvua moja kubwa huvipiga vyote siku ile ile.

Tatizo zito zaidi liko mtoni kwenyewe. Kituo hakirekodi mtiririko, kinarekodi kina kwenye rula. Kina hugeuzwa kuwa mtiririko kwa mchoro uliojengwa na vipimo vya siku za utulivu. Kama kipimo cha juu kabisa kilichukuliwa maji yakiwa mita 2.4 na mtiririko 120, halafu mafuriko yakafika mita 5, mchoro unarefushwa kwa kubahatisha kipeo, yaani jinsi mtiririko unavyokua kina kinapoongezeka: kipeo cha 1.6 kinatoa 388, kipeo cha 2 kinatoa 521. Tofauti hiyo ya asilimia 34 inaingia kwenye hesabu kimyakimya, na hakuna mgawanyo utakaoiondoa.

Kisha kuna mapengo. Msomaji wa rula hupita mara moja au mbili kwa siku, wakati kilele cha mto mdogo huweza kupita usiku kucha na kwisha kabla hajafika. Mafuriko makubwa kabisa hung'oa rula yenyewe. Data inayokosekana basi ndiyo hasa tuliyoihitaji, na anayeziba pengo kwa wastani anaushusha mto kwenye karatasi.

Halafu hali ya hewa. Mwaka 2008 Milly na wenzake waliandika katika jarida la Science kwamba dhana ya mto usiobadilika tabia imekufa. Ziwa Victoria linawaunga mkono: kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2, na maji yaliyotoka Jinja, Uganda, ambako Nile huanzia ziwani, miongo iliyofuata yakakaribia mara mbili ya awali. Aliyekadiria mwaka 1960 kwa rekodi ya miaka 60 angekosea vibaya. Lakini aliyechora mwelekeo wa kupanda mwaka 1964 naye angekosea. Mwaka 2006 ziwa lilikuwa limeshuka mno, sehemu kwa ukame, sehemu kwa maji yaliyoachiwa kwenye mitambo ya umeme. 2020 likarejea kiwango cha 1964. Mtaalamu wa maji Hurst alishaonyesha mwaka 1951, kwa data ya Nile, kwamba miaka ya maji na ya ukame huja kwa makundi. Kundi moja kwenye rekodi fupi hufanana sana na mwelekeo.

Kwa hiyo naona modeli yenye vigezo vinavyobadilika na wakati inastahili tu pale sababu inapojulikana, mfano mji uliopanuka au bwawa lililojengwa. Kwenye miaka 25 bila sababu hiyo, kila kigezo cha ziada huongeza shaka.

Fedha ikiwa ndogo, ipelekwe mtoni kwanza. Maji yakishapungua, timu itafute alama za tope kwenye miti na kuta, ipime mteremko wake, ichore mikato mitatu ya mto, na ikokotoe kilele kwa mlinganyo wa Manning, unaotoa mtiririko kutokana na umbo, mteremko na ukwaru wa mto. Kipimo kimoja cha namna hiyo hutia nanga sehemu ya juu ya mchoro. Ila wafike ndani ya siku chache. Mvua inayofuata huzifuta alama.