Oili ya gia boksi: imwagwe au iachwe?

Nunua Toyota IST ya oto iliyotoka Japani na kilomita zaidi ya laki moja, kisha uliza mafundi wawili. Wa kwanza atakuambia mwaga oili ya gia boksi leo leo. Wa pili ataapa kwamba ukiigusa tu, gari umeliua.

Nianze na huyu wa pili, maana ndiye anayechekwa. Hoja yake ni kwamba pleti za klachi zikilika, unga wake hubaki ukielea kwenye oili, na kwa gia boksi iliyochoka unga huo ndio unaosaidia kushika. Weka oili mpya, ingiza D: injini inavuma, gari halisogei. Kweli hutokea. Ila gari hilo lilipelekwa gereji kwa nini? Mara nyingi gia zake zilikuwa zimeshaanza kuteleza, mwenyewe akatumaini oili italiponya. Ni kumshtaki muosha maiti kwa mauaji.

Kuna na ile kauli ya watengenezaji kwamba oili hii ni ya maisha. Maisha ya nani? Oili huchoshwa na joto, na foleni ya Mwenge, Dar es Salaam, jioni, AC imewashwa na watoto wamejaa nyuma, ndilo joto lenyewe.

Mimi huanza na dipstiki, kijiti cha kupimia oili ya gia boksi. Injini ikiwa inaunguruma na imeshapata moto, ichomoe, ipangusie kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa wekundu wa oili umegeuka kahawia na gia zinaingia vizuri, mwaga. Ikiwa nyeusi, inanuka kuungua, na gia inachelewa kuingia, anza kutafuta hela ya gia boksi.

Kumwaga nako si kukausha. Ukifungua nati ya sampo, bakuli la oili chini ya gia boksi, hutoka nusu hivi au pungufu. Nyingine hubaki ndani. Jaza kiasi kilichotoka, endesha kilomita elfu chache, rudia. Mashine ya kuisukuma yote kwa mkupuo, kwa gari usilojua lilitunzwaje, siishabikii.

Wanachosahau mafundi wote wawili ni aina ya oili. IST ya 2002 hunywa oili iitwayo T-IV. Nyingi za toleo la 2007 zina CVT, gia boksi ya oto ya aina nyingine, yenye mkanda wa chuma na oili yake. ATF, yaani oili ya kawaida ya gia boksi za oto, humo ni kuuharibu. Jina la gari ni lilelile, na duka la spea halitakuuliza. Kwenye Toyota nyingi zenye dipstiki, aina imegongwa palepale kwenye chuma chake.